Zuhura na yai lililogoma kutoka

Nafuga baji mmoja tu, hawa kasuku wadogo wenye asili ya Australia. Jike, anaitwa Zuhura. Dume sina, kwa hiyo siku nilipokuta yai jeupe, dogo kama karanga, chini ya tundu nilidhani mtoto wa jirani kanifanyia mzaha. Baadaye ndiyo nikakumbuka kuku wa mayai: hawana jogoo na wanataga. Nikalitupa. Siku ya tatu jingine, nalo nikalitupa. Nilijiona nafanya usafi.

Kumbe yai likitoweka, baji hulihesabu deni. Wenzake hutaga manne hadi sita wakatulia. Zuhura alilipa mpaka yakafika tisa.

Asubuhi moja ya Julai, na baridi ya Arusha mwezi huo mnaijua, nikamkuta chini kwenye kona, katutumua manyoya mpaka amekuwa donge. Nikasema ni baridi. Nikafunika tundu kwa khanga, nikaenda kazini. Hapo ndipo ninapojilaumu. Ndege wa gramu thelathini na kitu, yai likimkwama, hana akiba ya kungojea jioni.

Bahati yake nilisahau simu. Niliporudi kuichukua nikamtazama kwa makini. Miguu kaitanua. Mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi. Anajikamua, hakuna kitu. Karatasi ya chini haikuwa na kinyesi kipya hata kimoja. Alipojaribu kusogea mguu wa kushoto ukamlegea, nami nikadhani umevunjika; daktari alinieleza baadaye kwamba yai hukandamiza mishipa ya fahamu ya mguu.

"Mpake mafuta ya nazi, mwanangu, ulisukume taratibu," mama mkwe akasema. "Kuku wangu nilimfanyia."

"Hapana, mama. Likipasukia ndani tumempoteza."

Akaguna. "Basi hata jiko la mkaa, apate joto." Hilo nalo nikakataa, hewa ya mkaa humwangusha ndege kabla binadamu hajahisi kitu.

Nikamlaza kwenye boksi la viatu juu ya taulo. Taa ya vifaranga niliielekeza upande mmoja tu, ili joto likimzidi ahamie kwingine, na kando nikaweka bakuli la maji ya moto lifukize mvuke asipolifikia. Nililenga nyuzi 30 hivi. Huku napiga simu. Daktari wa kwanza wa mifugo alicheka, akasema yeye ni wa ng'ombe. Wa pili akasema, "Mlete sasa hivi, na usimnyweshe kitu kwa nguvu."

Akamchoma sindano ya kalsiamu, akampa maji chini ya ngozi, akamrudisha kwenye joto na giza. Akaniuliza anakula nini.

"Uwele, daktari."

"Na nini kingine?"

"Uwele."

Hakunigombeza, ila alinyamaza kwa muda ambao niliuelewa. Nafaka tupu zina kalsiamu kidogo sana, na bila hiyo misuli ya kusukuma yai hulegea na ganda halikazi. Jua nalo alilipata kupitia kioo cha dirisha, na kioo huzuia ile miale inayoutengenezea mwili vitamini D. Yai lilitoka saa mbili usiku, laini kama ngozi, limebonyea.

Nyumbani nikaondoa kioo cha kujitazamia alichokuwa akikichumbia na kifuu cha nazi alichojificha ndani. Usiku namfunika saa moja, maana taa za sebuleni na televisheni hadi saa tano zilimdanganya kuwa mchana haujaisha, na mchana mrefu kwake ni msimu wa kutaga. Uwele bado anakula, lakini pamoja na sukuma wiki na maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa. Dada yangu wa Tanga hunitumia gamba jeupe la dome, yule jamaa wa ngisi, analookota ufukweni; Zuhura hulitafuna kama mtu mwenye kisasi. Jua anaota barazani asubuhi, nami nimekaa pembeni kwa sababu ya paka.

Novemba alitaga tena, mawili. Safari hii sikuyagusa. Aliyalalia karibu wiki tatu, akachoka, akapanda kijiti chake. Nilipokuwa nayatoa mama mkwe akauliza kama hata kukaanga hayafai.