Mradi wa dhabu: rangi ya asubuhi nishaipata, ya mchana bado

Mradi umesogea. Ninachotafuta ni picha za dhabu mmoja, yule mjusi mkubwa wa jangwani mwenye mkia wa miiba, asubuhi moja, tangu anatoka shimoni mweusimweusi mpaka jua limkolee ageuke manjano, maana akiwa na baridi ngozi inakuwa nyeusi ili ivute joto, akishapata moto anapauka. Hapa Omani kila mtu anamjua ila wengi wanamjua wa kwenye sinia tu, na swahaba Khalid bin Walid alimla mbele ya Mtume wala hakukatazwa, kwa hiyo hapo sina ugomvi na mtu.

Nilipo ni kwenye changarawe ukishapita mji wa Adam, njia ya Haima. Shimo lake chini bapa juu limepinda, nusu mwezi kabisa, mlangoni vinyesi vikavu ukivivunja ni majani matupu, na kwenye mchanga mchirizi wa mkia katikati ya nyayo. Hapo ushajua mwenyewe yumo.

Kificho changu gari. Naegesha mapema hajatoka, jua mgongoni, injini nazima, lenzi ya milimita 400 nailaza kwenye mfuko wa mchele dirishani. Ukishuka tu keshaingia, na akiingia anajivimbisha akabana ukutani, ule mkia wa miiba anauacha upande wa mlango, haya mwenye hamu atie mkono!

Safari hii alitoa kichwa akatulia hivyo mpaka mkono wangu ukafa ganzi, ndio akatoka mzima, mkubwa huyo, mweusi kama nilivyotaka. Nikazumu nikaona ukoko mweupe puani, nikajua chumvi hiyo, maji yake karibu yote anayatoa kwenye majani anayokula na chumvi ikizidi anaitemea puani. Wallahi picha hiyo naipenda kuliko niliyoifuata.

Mabegani kashaanza kupauka, ikapita pikapu ya mbuzi na vumbi lake, dhabu huyo chini. Nikangoja mpaka gari likawa tanuri, hakutoka tena.

Kwa hiyo narudi palepale kabla joto halijawa kali. Nikimaliza navuka na feri ya Shannah kwenda kisiwa cha Masirah kumtafuta ndugu yake, Uromastyx thomasi, yule mwenye kimkia kifupi cha duara kama biskuti. Na location ya shimo msiniulize jamani, IUCN wenyewe, shirika la kimataifa la uhifadhi, wameshamweka dhabu huyu kwenye wanyama walio katika hatari ya kutoweka, siitoi hata kwa shemeji.