Kitambaa cha bluu, kisamvu na sufuria iliyotoboka

Ukisema unataka kubadilisha mandhari ya nyuma ya video, kila mtu anakwambia nunua kitambaa cha kijani, kisha programu ifute kijani chote na kuweka picha nyingine mahali pake. Mimi sikuweza. Shangazi yangu wa Tanga anafundisha mapishi, na siku hiyo tulirekodi kisamvu. Mbele ya kijani, kisamvu kingefutika pamoja na ukuta, na ndimu zingefuata. Nikanunua mita nne za bluu, tukazitundika sebuleni. Alichotaka kuwekewa nyuma ni jiko la marumaru, kama yale ya kwenye tamthilia.

Bluu ina usumbufu wake. Kwenye kamera za kawaida, nusu ya vipokezi vya mwanga ni vya kijani na robo tu ni vya bluu, kwa hiyo bluu huja na chenga nyingi. Kitambaa chenyewe kinakunywa mwanga. Taa zangu mbili za LED hazikutosha, nikaazima ya tatu. Halafu kamera yangu hurekodi 4:2:0, yaani kwenye picha ya 1920 kwa 1080 rangi huhifadhiwa kwa 960 kwa 540 tu, na ukingo wa mtu unatoka kama umetafunwa na panya. Dawa niliyoipata ni kurekodi 4K, mara mbili ya hapo kwa upana na kwa urefu, na kutoa kazi kwa 1080. Hapo kila pikseli inapata rangi yake.

Nilianza na Ultra Key, kifutio cha rangi kilichomo ndani ya Premiere Pro, kwa sababu ndiko ninakohariria. Nikagusa bluu kwa kidole cha kuchagulia rangi, na ndani ya sekunde kumi shangazi alikuwa jikoni kwake kupya. Kwa mtangazaji aliyevaa koti na kukaa kitako, ningeishia hapo. Lakini shangazi alikuwa amejitanda mtandio wa shifoni, na sufuria inafuka. Nikiweka hali kali, mvuke wote unapotea, kisamvu kinachemka bila moshi. Nikilegeza, chenga za kitambaa zinarudi na kutambaa juu ya marumaru.

Keylight, kifutio kama hicho kilichomo kwenye programu ya After Effects, ilinifurahisha kwenye mtandio. Unauona ukiwa mwepesi kweli, marumaru inapenya kwa mbali, na ile bluu iliyoumwagikia imeondoka bila kuufanya uwe wa kijivu. Ila usikimbilie kukaza weusi na weupe. Kwanza tazama picha yake ya nyeusi na nyeupe, ambayo nyeupe ni kinachobaki na nyeusi ni kinachofutwa, ukaze kidogo kidogo, maana ukizidisha unapoteza tena ule mvuke uliokuleta huko.

Sasa sufuria. Sikuifikiria kabisa. Alumini iliyosuguliwa kwa mchanga na steli wuli ni kioo, na pembeni zake zilikuwa zinaakisi kitambaa. Programu haijui sufuria ni nini, inajua bluu tu. Ikaitoboa ubavuni, marumaru ikaonekana katikati ya sufuria ya mboga! Shangazi alipoona alisema, "Mwanangu, sufuria yangu haivuji."

Delta Keyer, iliyomo kwenye Fusion, sehemu ya programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, hata toleo la bure, ndiyo iliyonimalizia kazi. Ina mahali pa kuingizia umbo la kitu usichotaka kitobolewe. Nikachora umbo la sufuria, tundu likazibika. Kweli, Keylight nayo inakubali umbo la ndani namna hiyo. Kilichonivuta Fusion ni nodi (kisanduku cha kazi moja unachokiunganisha na vingine) ya Clean Plate: inakutengenezea picha ya kitambaa kitupu, mikunjo na vivuli vyake vyote, na Delta Keyer inaitumia kama kipimo. Kona ya kushoto, ambayo taa haikufika, ikakatika sawa na katikati. Mvuke ukabaki. Gharama yake ni muda: laptopu yangu ya RAM ya GB 8 iliunguruma mpaka adhuhuri, na nodi zenyewe zilinichukua siku mbili kuzizoea.

Kichujio cha rangi cha OBS, programu ya kurushia matangazo, nakitumia nikiwa mubashara tu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo, namwambia Ultra Key kwa kazi ya haraka, Keylight kwa nguo nyepesi kama tayari unalipia Adobe, wenye Premiere Pro na After Effects, na Delta Keyer kama mfuko umekauka na taa zako hazilingani. Video ijayo tunapikia chungu cha udongo, hakiakisi chochote. Shangazi amekubali kwa sharti moja: marumaru zisiondoke.