Nilivyoshusha antena ili mtandao uvuke hadi Manda

Kiungo cha redio ninachokisimamia, kutoka dari ya nyumba moja Mkomani, Lamu, hadi ng'ambo ya Manda, kilikuwa kikikatika bila sababu ya kuonekana. Umbali ni kama kilomita 2, katikati ni maji matupu, antena zaonana. Karibu kila mtu alinishauri nipandishe milingoti.

Aliyenifungua akili ni nahodha mmoja aliyekuwa akiutumia mtandao ule. "Mwanangu, hii yako hufuata bamvua. Maji mafu haina taabu."

"Hukatika maji yakijaa au yakipwa, ami?"

"Yote mawili. Yakifika nusu, hurudi."

Bamvua ni siku ambazo maji hujaa na kupwa sana; maji mafu ni siku ambazo hupanda na kushuka kidogo tu. Hapo nikajua pa kuanzia. Mwale mmoja wa redio huenda moja kwa moja. Wa pili hugonga bahari, ukaruka, ukafika umechelewa kidogo. Kuufuatilia huo wa pili si kazi ngumu: ichore antena moja chini ya bahari, kina sawa na kimo chake, kisha piga mstari ulionyooka hadi antena ya pili. Urefu wa mstari huo ndio safari ya mwale ulioruka. Ukitaka haraka, zidisha vimo viwili, zidisha kwa 2, gawa kwa umbali: utapata tofauti ya safari hizo mbili.

Nilipima vimo kwa kamba na timazi, maji ya bamvua yakiwa yamekupwa: mita 12 Mkomani, mita 9 Manda. Tofauti ni sentimita 10.8. Kwenye gigahezi 5.8, masafa ya redio yangu, wimbi moja la redio lina urefu wa sentimita 5.2 hivi, kwa hiyo ni mawimbi mawili na ushei. Mwale unaogonga maji kwa pembe ndogo hivi hugeuzwa, kilele kikawa bonde, hivyo tofauti ikiwa mawimbi kamili miale huuana. Maji yakipanda mita 3, vimo hubaki 9 na 6, tofauti sentimita 5.4: wimbi moja, huuana tena. Maji yakiwa nusu, tofauti ni wimbi moja na nusu, na miale husaidiana. Nahodha alikuwa ameyaona yote hayo bila kalamu.

Kuilaza antena ubavu, ili mawimbi ya redio yatikisike kwa upande mwingine, kusingesaidia. Kwa pembe ya karibu nusu digrii bahari huakisi vikali kwa vyovyote vile. Wala mawimbi ya upepo hayaokoi: yakiwa chini ya nusu mita, kwa redio hii bahari bado ni kioo.

Niliandika programu fupi ya Python inayojaribu vimo mbalimbali katika kila hali ya maji. Ikanipa mita 8 Mkomani na mita 5 Manda, nikazishusha antena hadi hapo. Hapo tofauti hucheza kati ya sentimita 1 na 4, haifiki wimbi moja hata kwenye bamvua kubwa. Gigahezi 2.4 nayo ingefaa bila kugusa milingoti, ila masafa hayo mjini yamejaa Wi-Fi za kila nyumba.

Nilichohofia ni vyombo, maana maji yakijaa antena ya Manda hubaki mita 2 tu juu ya bahari. Tanga likipita, mtandao husita kidogo kisha hurudi. Hilo wenye nyumba wamelikubali. Bamvua lililofuata nilikaa darini kutoka maji kupwa hadi kujaa, nikiisoma nguvu ya mawimbi ya redio kwenye simu. Haikuanguka hata mara moja.