Kipenyo cha milimita 45 hakitoshi

Anayesanifu mashine Dodoma na kuzitengenezea kwenye karakana za Kizota hufanya kazi na watu ambao hawatumii programu moja na yeye. Mimi nachora kwa FreeCAD, ambayo ni ya bure. Mteja wa Singida anayetaka shafti mpya ya mashine yake ya kukamua alizeti huniletea faili lililotoka kwenye programu ya kulipia. Na karakana yenye mashine ya kukereza inayoongozwa na kompyuta ina programu yake ya tatu. Kinachotuwezesha kuelewana ni kiwango cha ISO 10303, ambacho wengi wetu tunakifahamu kwa jina la STEP kwa sababu ndilo tunalolibofya tunapohifadhi faili la kumpelekea mtu mwingine. Nimeona watu wengi wakilichukulia faili hilo kama picha ya vipimo vitatu, yaani urefu, upana na kimo, basi. Ninavyoona mimi, umbo ndiyo sehemu nyepesi ya kazi, na ugumu wote uko kwenye kukubaliana umbo hilo linamaanisha nini.

Hesabu ya tatizo lenyewe ni rahisi. Programu 10 zikitaka kusomana moja kwa moja, kila moja ikiwa na kitafsiri chake cha kwenda kwa kila nyingine, vitahitajika vitafsiri 90. Pakiwepo muundo mmoja wa kati, vinatosha 20: kila programu inajifunza kuuandika na kuusoma. Wamarekani walianza na muundo wa IGES mwaka 1980, Wafaransa wakawa na SET, Wajerumani wa viwanda vya magari wakawa na VDA-FS, na matokeo yake muundo wa kati ukawa mitatu. Kazi ya kutengeneza kiwango kimoja cha kimataifa ilianza ndani ya ISO mwaka 1984, na sehemu za kwanza za STEP zikachapishwa mwaka 1994. Miaka kumi ni mingi, lakini walikuwa wanaamua jambo ambalo IGES haikuwa imeliamua vizuri, nalo ni kutenganisha maana ya taarifa na namna ya kuiandika kwenye faili. Bila mapatano hayo gharama ni kubwa: utafiti uliotolewa na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, mwaka 1999 ulikadiria kwamba sekta ya magari ya nchi hiyo peke yake ilikuwa inapoteza angalau dola bilioni 1 kila mwaka kwa sababu ya taarifa za bidhaa zisizosomana.

Maana inaandikwa kwa lugha ya kielelezo iitwayo EXPRESS, ambayo si lugha ya kuandikia programu bali ya kueleza kuna vitu gani, kila kimoja kina sifa gani, kinahusiana na kipi, na masharti gani hayaruhusiwi kuvunjwa. Faili lenyewe huandikwa kwa kanuni za sehemu ya 21 ya kiwango hicho, na ni maandishi matupu. Mtu yeyote anaweza kulifungua kwa programu ndogo ya kuandikia na kulisoma kwa macho, jambo ambalo ninampendekezea kila anayepokea mafaili haya kazini. Kwenye faili la shafti niliyoitaja utakuta mstari wa namna hii:

#120=CYLINDRICAL_SURFACE('',#119,22.5);

Mstari huu unasema kwamba kitu namba 120 ni uso wa mcheduara, mahali na mwelekeo wake vimeelezwa kwenye kitu namba 119, na nusu kipenyo chake ni 22.5. Ukiufuata mstari wa 119 utakuta unaelekeza kwenye nukta moja na mielekeo miwili, nayo ina mistari yake. Kielelezo cha EXPRESS kimeshasema kwamba nusu kipenyo lazima kiwe urefu mkubwa kuliko sifuri, kwa hiyo programu inayosoma faili ina haki ya kulikataa likiwa na hasi. Angalia pia kile ambacho hakipo: mstari hausemi 22.5 ya nini. Kizio cha kipimo kimetangazwa mahali pengine ndani ya faili, mara moja kwa umbo zima, na faili lililotengenezwa kwa inchi litaitangaza inchi kuwa ni milimita 25.4. Anayenakili namba bila kuufuata mnyororo hadi kwenye tangazo hilo anafanya kazi ya kubahatisha.

Shafti hiyo ilikuwa na kipenyo cha milimita 45 mahali inapokaa beringi namba 6209, ambayo tundu lake ni milimita 45, kipenyo cha nje 85 na upana 19. Fundi mkongwe niliyempelekea kazi aliangalia umbo kwenye skrini, akalizungusha, akaniuliza, "Mwanangu, hii arobaini na tano yako beringi inaingia kwa mkono au inaingia kwa kulazimishwa?" Nikamjibu, "Kwa kulazimishwa kidogo, Mzee, shafti ndiyo inayozunguka." Swali lake ndilo lililokuwa na uzito kuliko faili zima. Tukifuata kiwango cha ISO 286, kinachopanga kiasi ambacho kipimo kinaruhusiwa kuzidi au kupungua, na kuchagua mkao wa k6, yaani wa kubana kidogo, shafti ya 45 inatakiwa kuwa kati ya milimita 45.002 na 45.018. Ikitoka 44.98, kwenye skrini na kwenye rula itaonekana ni ileile, lakini beringi itateleza juu yake, itaila shafti, na msimu wa alizeti hautaisha kabla mashine haijaanza kupiga kelele. Umbo lililomo kwenye faili ni 22.5 kamili, umbo la kifikra ambalo hakuna mashine ya kukereza duniani inayoweza kulitoa.

Toleo la kwanza la AP203, yaani ile sehemu ya STEP iliyotumika zaidi kwa vipuri vya mitambo, lilibeba umbo na taarifa za usimamizi wa matoleo, na kiasi kinachoruhusiwa kuzidi au kupungua kikabaki kwenye mchoro wa karatasi. Pengo hilo ndilo lililozibwa hatua kwa hatua, na tangu mwaka 2014 tuna AP242, ambayo iliunganisha AP203 na ile ya viwanda vya magari, AP214. Hapa pana tofauti ambayo wauzaji wa programu hupenda kuipita haraka. Taarifa ya "45 k6" inaweza kuingia kwenye faili kwa njia mbili. Ya kwanza ni mistari iliyochorwa hewani pembeni mwa umbo, ambayo mtu anaisoma lakini kompyuta inaibeba tu, kama mtoto anayenakili herufi za ubaoni kabla hajajua kusoma. Ya pili ni taarifa yenye maana: kipimo kinachojulikana kuwa ni kipenyo, kilichofungwa kwenye uso namba 120, chenye mkao unaosomeka na programu ya kukagua ubora. Zote mbili zinaonekana sawa kwenye skrini. Programu inayojisifu kwamba inaandika AP242 inaweza kuwa inaandika ya kwanza tu, au umbo tupu, na bado ikawa haijasema uongo.

Jambo jingine ambalo ningependa mafundi na wateja wetu walijali zaidi ni utambulisho wa bidhaa. STEP haiweki jina la kipuri juu ya umbo na kuishia hapo. Inatenganisha bidhaa yenyewe, kisha toleo la bidhaa hiyo, kisha ufafanuzi wa toleo hilo kwa mtazamo fulani, kwa mfano wa usanifu, na umbo ndilo linaloning'inizwa kwenye ufafanuzi. Anayeona mara ya kwanza hudhani ni urasimu. Lakini mteja mmoja aliwahi kuniletea mafaili mawili ya kifuniko kilekile, yenye jina moja, moja likiwa na matundu 6 ya bolti na jingine 8, na sehemu ya toleo ikiwa wazi kwenye yote mawili. Tulipoteza asubuhi nzima kwenye simu kutafuta lipi ni la sasa. Kiwango kilikuwa na mahali pa kuandika jibu tangu miaka ya tisini.

STEP ina mipaka yake pia. Hatua ulizopitia kusanifu kwa kawaida hazisafiri: unapokea umbo gumu lenye nyuso, kingo na vipeo, lakini hupati ile orodha ya kwamba kwanza palichorwa duara, kisha likavutwa, kisha likatobolewa. Anayetaka kurekebisha analazimika kuanza kujenga upya. Kwa kuhifadhi, hata hivyo, maandishi yanayosomeka kwa macho ni bora kuliko faili la siri la programu ambayo huenda isiwepo siku mashine itakapohitaji spea, na hapa kwetu mashine ya kukamua hutumika hadi ichoke kabisa.

Wenzetu wa majengo wana IFC, yaani ISO 16739, ambayo nayo imeelezwa kwa EXPRESS na mafaili yake ya kawaida hufuata kanuni zilezile za sehemu ya 21. Toleo la mwaka 2024 limeongeza barabara, reli na madaraja. Ukilijua moja, jingine halitakutisha.

Ukipokea faili, fungua mistari ya juu na utafute neno FILE_SCHEMA. Likifuatwa na CONFIG_CONTROL_DESIGN, hiyo ni AP203 ya zamani, usitarajie kukuta kiasi kinachoruhusiwa kuzidi au kupungua. Likifuatwa na AUTOMOTIVE_DESIGN ni AP214, na usishangae mashine ya alizeti kujitambulisha kama usanifu wa gari, kwa kuwa programu nyingi huandika hivyo zisipoelekezwa vingine. Jina linaloanza na AP242 linastahili uchunguzi zaidi: tafuta ndani ya faili maneno DIMENSIONAL_SIZE na TOLERANCE. Yasipokuwepo, mwombe mtumaji mchoro wenye vipimo vyote uliosainiwa na wenye namba ya toleo, na usikate chuma kabla haujafika.