Neno lililokushinda leo

Nilianzisha kona za kujifunzia nikiwa na darasa la pili lenye watoto 72. Tangu mtaala wa 2015, KKK ndiyo kazi yetu kubwa madarasa ya chini, kwa hiyo kona tatu nikazipa majina hayo: kusoma, kuandika, kuhesabu. Ya nne nakaa mwenyewe na watoto 18, namsikiliza mmoja mmoja akisoma. Zile tatu zilipaswa kujiendesha.

Wiki ya kwanza nilifanya tulichofanyiwa wengi wetu: kiranja aandike majina ya wapiga kelele. Orodha ilijaa kila siku, lakini haikuniambia nani amejifunza nini. Tena kuna mtoto alitoa ubuyu ili jina lake lifutwe. Nilipojua, niliichana mbele yao.

Tatizo lenyewe nililiona siku ya 42 − 17. Duara moja la kona ya kuhesabu, watoto sita, wote wameandika 35. Kosa hilo tunalijua: mtoto akiona 2 kutoa 7 haiwezekani, anageuza, anafanya 7 kutoa 2. Mmoja akikosea hivyo ni kawaida. Sita kwa mpigo, hapo wamenakiliana. Na anayenakili kimya kimya haingii kwenye orodha ya wapiga kelele.

Nikabadilisha kazi. Niliweka ndoo ya vifuniko vya soda. Kila mtoto anachota kwa mikono miwili, anapanga makumi na mamoja, kisha anaandika idadi kwenye kipande cha karatasi pamoja na namba yake ya mahudhurio. Jirani anahesabu upya, akikubali anaweka alama yake. Huyu kachota 23, yule 31. Cha kunakili hakipo. Vipande vinaingia kwenye kopo la maziwa. Dakika tano za mwisho nachomoa vitatu bila kuangalia, na wenye namba hizo wanakuja mbele kutuonyesha walivyopata.

Kona ya kusoma ndiyo iliyonifaidisha zaidi. Kipande chao kinaandikwa namba ya mtoto na neno moja tu: lililokushinda leo. Mwanzoni karibu wote waliandika "hakuna", maana walizoea kwamba kushindwa kuna adhabu. Nikaahidi hakuna atakayechekwa, na kila asubuhi nikaanza kufundisha maneno yaliyotoka kwenye kopo, bila kutaja wenyewe. Taratibu vikaja: ng'ambo, mchwa, mbwembwe. Nikajua herufi mwambatano, zile zinazoandikwa pamoja kama mbw, zinawasumbua, nikazirudia wiki nzima.

Kona ya kuandika bado sijairidhikia. Wapo wanaonakili ubao neno kwa neno, nami naendelea kutafuta njia.

Mvulana mmoja wa "hakuna" aliandika hivyo wiki tatu mfululizo. Jumatatu moja alinisubiri mlangoni, akanishika sketi.

"Shikamoo madam. Neno langu leo utalifundisha?"

Nilifungua kopo. Alikuwa ameandika "ngwe", na chini yake namba yake, kubwa, imekolezwa kwa penseli mara mbili.