Kisomo ndani ya kikoba: tulivyojifunza kwa stakabadhi za korosho

Akina mama wa kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopa wilayani Mkuranga, walijua hesabu za fedha zao kwa kichwa. Nani anadaiwa, rejesho limebaki kiasi gani, nani hajalipa faini ya kuchelewa: yote walikuwa nayo. Lakini wengi wao walisaini kwa dole gumba, na msimu wa korosho ukifika walikuwa wakiniletea karatasi za chama cha ushirika. "Mwanangu, hebu nisomee hapa."

Nilikuwa katibu wa kikundi, nikasoma hadi nikaanza kuona uzito wa jambo lenyewe. Anayekusomea stakabadhi anajua umeuza kilo ngapi na anaweza kukisia utalipwa shilingi ngapi. Mama anayetaka kuficha ada ya mtoto mbali na macho ya ndugu hana siri tena. Hilo ndilo lililonisukuma, kuliko hotuba yoyote kuhusu umuhimu wa elimu.

Sikutangaza darasa. Mama mwenye shamba, watoto na kibarua hana siku ya kuongeza. Niliomba nusu saa kabla ya kufungua sanduku, siku zilezile za kununua hisa. Wote wangekuwepo, tena kwa wakati, kwa sababu faini ipo. Mwenyekiti akakubali kwa sharti moja: asiyetaka asilazimishwe wala asichekwe.

Neno la kwanza halikuwa "baba" wala "kaka". Lilikuwa "korosho". Tukalikata ko-ro-sho, tukatafuta ko nyingine kwenye karatasi zao wenyewe: kopo, mkopo. Kwa tarakimu tulianza na noti. Simba walimjua ni elfu mbili, kifaru elfu tano, tembo elfu kumi. Kazi ikawa kuangalia namba iliyoandikwa juu ya mnyama wanayemfahamu na kuinakili. Kilichotusumbua zaidi ni nukta ya mzani wa kidijitali. 47.5 ilisomwa mia nne sabini na tano, na tulikaa hapo mikutano kadhaa, tukipima unga kwa mzani wa dukani, mpaka ile nukta ikaeleweka.

Wazee wetu waliyapitia haya. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ikawakusanya watu vijijini kuzunguka redio, wakisikiliza, wakijadili, kisha wakienda kuchimba vyoo. Bibi mmoja wa kikoba aliyakumbuka madarasa yale. Alisema alisoma, akaacha, herufi zikamtoka kwa kukosa cha kusoma. Namwamini. Herufi zisipokutana na karatasi inayokuhusu hazikai, na kwangu ndiyo sababu mpango wa elimu ya watu wazima wa MUKEJA, uliokuja baadaye, ulifanya vizuri kuwauliza wanakikundi wanataka kujifunza nini kabla ya kuwapa kitabu.

Bibi huyo ndiye aliyenifundisha jambo lingine. Kila nikimpa karatasi aliisogeza mbali, urefu wa mkono mzima, kisha akairudisha: "Kichwa changu kimeshazeeka." Kichwa kilikuwa kizima, macho ndiyo yalikuwa hayaoni karibu. Nilipompa miwani ya kusomea ya jirani, akasoma ko-ro-sho bila msaada na kucheka kwa sauti. Tulijadiliana sana kama mfuko wa jamii wa kikundi unaweza kununua miwani, maana ulikuwa wa misiba na ugonjwa. Mwishowe wanachama walikubali. Miwani ya namba tofauti ikanunuliwa na kuwekwa ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, pamoja na vitabu vya hisa. Wenye shida nyingine ya macho tuliwaelekeza hospitali. Nikiulizwa na anayetaka kuanzisha kisomo, jibu langu ni hili: kabla ya chaki, pima macho ya watu.

Oktoba, korosho zilipoanza kudondoka, hatukusimamisha masomo. Tulikwenda nayo ghalani. Kila mama alibeba kidaftari, akaandika anachokiona kwenye mzani kabla ya karani kuandika. Mmoja wao aliona 62.5, stakabadhi ikaja na 52.5. Alisimama palepale. "Baba, mzani umesema sitini na mbili na nusu. Hapa umeandika hamsini na mbili." Karani akaangalia, akapima tena gunia, akaandika stakabadhi nyingine. Kilo kumi za korosho ni fedha, na foleni nzima ilisikia.

Baada ya siku ile wanaume wawili waliomba kuingia. Wanachama wamewaruhusu kukaa kwenye kisomo, hisa hapana. Sasa tunasoma meseji za benki za malipo ya mnada wa korosho: jina, kiasi, makato, salio. Tukimaliza hapo wanataka kujifunza kubadili namba ya siri ya simu wenyewe, bila kumpa mtu kifaa.