Jiko langu la pipa: nilivyopata moto unaolingana

Nachoma samaki na kuku jioni pale Shangani, Mtwara mjini. Jiko langu ni pipa lililopasuliwa kwa urefu, lina mfuniko wa bawaba na bomba la moshi upande wa kulia. Kwa muda mrefu lilinisumbua kwa jambo moja: paja la kuku lililokaa karibu na bomba linaungua ngozi, na lililowekwa dakika ileile upande wa kushoto, ukilichana, bado linatoa maji mekundu kwenye mfupa. Mteja akipewa kipande kibichi harudi, na ana haki yake. Nikaamua kulichunguza jiko lenyewe.

Kwanza nilitaka kuuona moto ulivyokaa, nisikisie. Nikanunua mkate wa slesi, nikawasha mkaa kama kawaida na kuutandaza sawasawa, halafu nikapanga slesi wavu mzima zikigusana, nikafunga mfuniko kwa muda mfupi. Nilipofungua, jiko lilikuwa limejieleza lote. Slesi za kulia nyeusi, za katikati kahawia ya kupendeza, za kushoto kabisa nyeupe kama zilivyotoka kwenye mfuko. Isipokuwa kona moja ya mbele, hukohuko kushoto: hapo slesi mbili zilikuwa zimeungua peke yake katikati ya nyeupe. Nikapiga picha kwa simu kabla ya kuziondoa. Mwenye jiko la namna hii ningemwomba aanze na mkate. Utamgharimu kidogo kuliko kuku.

Kesho yake jiko lilipopoa nikatoa majivu yote na kumulika ndani. Kwenye ile kona kulikuwa na tundu la kutu linalopitisha kidole gumba. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, na majivu yakilala ndani ya jiko yanavuta unyevu mpaka yanakuwa tope kali linalokula chuma. Pale penye tundu hewa inaingia kwa nguvu na mkaa unawaka kupita kiasi. Matundu halali ya kushoto, yale yaliyotobolewa kwa ajili ya hewa, yalikuwa yamezibwa na majivu yaliyogandamana na mafuta ya kuku. Nikiingiza msumari haupiti. Hapo mambo yote yakakaa sawa kichwani mwangu. Mkaa unawaka kwa kadiri ya hewa inayoufikia kutoka chini. Pasipopita hewa, ukiongeza mkaa unapata moshi tu.

Nikalipeleka kwa fundi wa kuchomelea kule Chikongola. Alilizunguka, akaligonga chini kwa nyundo kusikiliza bati lilipokwisha, akaniambia, "Dada, kiraka nitaweka, lakini majivu yasilale humu, tutaonana tena." Tukakubaliana aweke kipande cha bati nene jeusi, si bati la kuezekea. Bati la kuezekea limepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali inatoa moshi wa sumu. Sitaki kitu hicho karibu na chakula cha watu. Akatoboa mstari mpya wa matundu pande zote mbili, akanisukia wavu wa nondo nyembamba wa kukaa ndani na kuuinua mkaa kama vidole vinne kutoka chini, ili majivu yadondoke na hewa ipite. Kwenye bomba akaweka kibati cha kuzungusha. Kibati hicho kimenisaidia sana, kwa sababu bomba likiwa wazi lote linavutia moto kulia. Siku hizi nalifunga nusu mara mkaa ukishashika.

Upepo nao ni wa kuuangalia. Kusi ikivuma, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, ikikuta matundu yanaitazama inausukuma moto wote upande mmoja. Nageuza jiko liipe mgongo, na nasimamisha kipande cha bati pembeni.

Mkaa wangu siuweki tena chini. Wakati wa mvua, Desemba mpaka Aprili, gunia lililokaa sakafuni linanyonya maji, na mkaa wenye unyevu unalialia, unatoa moshi, joto lake linaishia kujikausha. Nauweka juu ya mbao, na wa siku hiyo unakaa kwenye ndoo yenye mfuniko. Kabla ya kuwasha nauchekecha, kwa kuwa vumbi linaziba nafasi kati ya vipande. Kuwashia natumia vifuu vya nazi.

Hapa kwetu kwenye korosho nyingi, kuna wanaowashia maganda yake. Tafadhali, kwenye jiko la kuchomea chakula msifanye hivyo. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi. Kila aliyewahi kubangua anayajua. Moshi wake haufai kugusa samaki.

Kipimajoto cha kwenye mfuniko kinasoma hewa ya juu tu, kwa hiyo nina kingine cha kuchoma ndani ya nyama. Nilikihakiki kwa maji yanayotokota: sisi tuko usawa wa bahari, lazima kisome nyuzi 100 au karibu sana na hapo. Paja nalitoa likifika nyuzi 74 pale penye unene, bila ncha kugusa mfupa.

Kila asubuhi majivu yanatoka, na yanaingia kwenye ndoo ya chuma, maana kaa linaweza kuwa hai chini ya majivu mpaka siku ya pili. Wavu nausugua kwa brashi ya waya ukiwa bado wa moto, halafu naupaka mafuta kwa nusu ya kitunguu.

Nilirudia mkate baada ya matengenezo. Kahawia karibu wavu mzima, ila mwisho wa kushoto umefifia kidogo. Hapo nimepaacha hivyohivyo: ndipo ninapoweka pweza aliyekwisha chemshwa, anayetaka rangi na harufu ya moshi tu, na kuku walioiva wanaomsubiri mteja.